"Anang'ang'ania kuwa anaumwa": neno moja kwenye faili la mgonjwa wa selimundu

Mwaka 2018 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walichapisha jaribio lililohusisha wanafunzi wa udaktari na madaktari walio mafunzoni, jumla 413. Kila mmoja alisoma moja kati ya taarifa mbili za mgonjwa yuleyule wa kubuni: mwanamume wa miaka 28 mwenye selimundu (sickle cell, ugonjwa wa kurithi wa damu unaoleta maumivu makali), maumivu yamemzidi. Taarifa ya kwanza ilisema bado ana maumivu ya 10 kwa 10, na barakoa ya oksijeni inamshinda. Ya pili ilisema anang'ang'ania kuwa maumivu ni 10, na barakoa anaikataa. Waliosoma ya pili walimwona vibaya zaidi, na walikuwa wagumu zaidi kumpa dawa za maumivu.

Selimundu haina kipimo cha kuthibitisha maumivu. Presha yaweza kuwa nzuri na mgonjwa anachezea simu, huku mifupa inamuua. Kilichopo ni kauli yake, na jinsi mtu wa zamu iliyopita alivyoiandika. Wa usiku hurithi shaka ya wa mchana kabla hata hajafika kitandani.

Wapo wanaosema kuchunga maneno ni kuficha ukweli: uraibu wa opioidi, yaani dawa kali za maumivu kama mofini, umeua watu wengi Marekani, na daktari anayeushuku lazima aandike. Aandike, lakini aandike alichokiona. "Saa 4:10 usiku mofini miligramu 5; saa 4:40 maumivu 9, hajalala" inamwonyesha mwenzake pa kuanzia. "Anapenda sindano" haimwonyeshi kitu.

Hoja nzito zaidi ni kwamba semina ya siku moja ya kuchunga maneno haimbadilishi muuguzi aliyezidiwa na wodi iliyojaa. Hilo ni kweli kabisa, ndiyo maana lugha peke yake haitoshi. Lazima iwepo saa ya kufuatwa. Mwongozo wa 2012 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unataka dawa ya maumivu itolewe ndani ya dakika 30 tangu mgonjwa afike, kisha apimwe tena kila dakika 30 mpaka apate nafuu. Saa haiulizi kama muuguzi anamwamini mgonjwa.

Ila saa haichagui dozi. Hapo linahitajika swali: "Mara ya mwisho ulipewa nini kikakutuliza?" Anayetaja dawa na kipimo chake bila kusita ndiye hudhaniwa mraibu, wakati maumivu haya anayajua tangu utotoni. Jibu lake liandikwe juu kabisa ya faili, kwa maneno yake mwenyewe, kabla ya maoni ya mtu mwingine yeyote.