Wenzetu wanalipa kurudisha kona za mto, sisi tunalipa kuzinyoosha

Wiki iliyopita mama kanipigia, kalvati la njia ya shule limeondoka na maji tena, hilo ni la pili, na kinyungu chake, yaani kishamba chake cha bondeni, kimefunikwa mchanga chote, maharage na viazi, hakuna cha kuokoa. Nilikuwa kazini huku North Yorkshire, Uingereza, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikasema hapana, hili jambo nalielewa linavyotokea na huku nimeliona linavyotibiwa, lazima niliandike.

Kwetu ni Mufindi. Mto wetu ni mdogo tu, wa kuvukia magogo mawili, unaingia Ruaha Mdogo, ule unaopita Iringa mjini halafu unaenda kukutana na Ruaha Mkuu. Nikiwa mdogo ulikuwa unapinda kila hatua chache, pembeni matete na mafunjo, na juu kidogo mianzi ya babu ya kugema pombe ya ulanzi. Masika maji yakizidi yalikuwa yanapanda bondeni yanalala siku mbili tatu yanashuka taratibu, yanaacha tope jeusi, kiangazi watu wanalima vinyungu hapo hapo na unyevu upo mpaka Oktoba. Baadaye ilipochongwa barabara kikaja kijiko, kipande kirefu cha mto kikanyooshwa, matete yakang'olewa, wakasema maji yapate njia ya kupita haraka. Sasa maji yakipita haraka maana yake yanafika kalvatini yote kwa mpigo, na yanafika na nguvu ya kubeba mchanga na mawe, ndo hicho kilichomkuta mama.

Huku kuna mji mdogo unaitwa Pickering, una kijito kinachoshuka kutoka milimani. Ulipata mafuriko 1999, 2000, 2002 na 2007. Kwanza walifikiria kujenga kuta za zege mjini, gharama ikawa kubwa mno kwa mji mdogo kama ule, ikashindikana. Ndo 2009 wakaanza mpango wa kupunguza mwendo wa maji tangu huko juu yanakoanzia. Wakalaza magogo kukatisha vijito, vizuizi 167 vya magogo, na vingine 187 vya marobota ya vichaka vya mlimani kwenye mifereji midogo, wakapanda miti kandokando, na juu ya mji wakajenga tuta la udongo linaloweza kushika maji mita za ujazo 120,000 mvua ikizidi. Desemba 2015 kaskazini mwa Uingereza kulikuwa na mafuriko mabaya sana, Pickering haikufurika. Walipopima wakaona kilele cha maji kilipungua asilimia 15 mpaka 20, na karibu nusu ya hiyo ilitokana na magogo na kazi nyingine za huko juu.

Nimeenda kuviona hivyo vizuizi kwa macho yangu, na kilichonigusa ni urahisi wake. Gogo halijazibwa mpaka chini, linaachiwa nafasi, maji ya kawaida yanapita chini yake na samaki anapita, ila mto ukijaa ndo gogo linashika, maji yanatanuka pembeni msituni yanakaa, yanatoka polepole. Sio kwamba maji yanapungua, yanachelewa tu, na huko kuchelewa ndo kunakookoa nyumba maana vijito vyote havifiki mjini kwa wakati mmoja. Kila gogo linakaguliwa, coz likikatika likaenda kuziba daraja umejitengenezea balaa lingine. Na mwaka 2019 kwenye msitu wa Cropton karibu na hapo wakaleta biva wawili, mnyama wa majini anayekata miti kwa meno na kujenga mabwawa, alikuwa ameshaisha Uingereza kwa kuwindwa karne nyingi zilizopita.

Na kule Cumbria kuna mto mdogo unaitwa Swindale Beck, watu waliunyoosha karibu miaka 200 iliyopita wapate majani ya mifugo, 2016 wakauchimbia njia mpya yenye kona kama zamani, samaki wa samoni wakaja kutaga ndani ya miezi michache. Yaani hawa waliharibu kwanza, wakakaa vizazi na vizazi na mto ulionyooka, na sasa wanatumia hela nyingi kurudisha walichokitoa. Sisi vijito vingi vya Mufindi, Kilolo, Njombe, Rungwe bado vina kona zake, halafu tunakodi kijiko kwenda kuziondoa. Hili linaniuma kuliko yote.

Watu wa kwetu wengi wanaona mafuriko na ukame ni vitu viwili, mimi naona ni ugonjwa mmoja. Ruaha Mkuu unakauka kiangazi tangu 1993, tunataja mpunga na ng'ombe wa Usangu, ni kweli, lakini hata kwetu juu maji yanayokimbia yote Machi huwezi kuyakuta Oktoba. Na milingoti, yaani mikaratusi, tuliyoipanda mpaka mguuni mwa mto kwa ajili ya nguzo na mbao inakunywa kile kidogo kilichobaki. Siwalaumu waliopanda, mlingoti umejenga nyumba nyingi na umesomesha watoto pamoja na mimi, ila mahali pake ni mgongoni mwa kilima, sio bondeni.

Sheria tunayo. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na sheria ya maji ya 2009 inatambua jumuiya za watumia maji. Lakini kwa mama yangu mita 60 ndo shamba lake la kiangazi lote, ukija na bikoni ukamwambia ondoka bila kukaa naye chini atarudi usiku kulima, hata mimi ningerudi. Huku mkulima akikubali maji yalale kwenye ardhi yake kuna mipango ya serikali inayomlipa. Halafu Pickering ardhi ya juu ina wenyewe wachache, sehemu kubwa msitu wa serikali, mkishakubaliana wachache kazi inaanza, bonde letu moja lina watu arobaini kila mtu na kipande chake, kwa hiyo vikao ni vingi na lazima viwe vya kweli, sio vya kusomewa agizo.

Tena sio lazima tuige magogo yao. Wamatengo kule Mbinga wanalima ngoro tangu mababu, mashimo kwenye mteremko mkali kabisa, mvua inaingia shimoni inazama, udongo haushuki. Hicho ni kitu kile kile, kimebuniwa nyanda zetu hizi hizi. Mianzi ya ulanzi inashika ukingo kwa mizizi na bado unagema unauza. Matete yanachuja mchanga. Kinyungu chenyewe kikiacha ukanda wa matete karibu na maji sioni ubaya wake, na hapo ndo mtu wa bodi ya maji ya bonde na mama yangu wangeweza kukubaliana.

Nimeshaongea na baba mdogo, yeye ndo mwenye milingoti ya mwisho kabisa kando ya mto. Amekubali safu mbili za bondeni zikatwe na visiki ving'olewe, maana vikibaki vinachipua. Desemba mvua zikianza nitakuwepo likizo, mashina ya mianzi tutayachimbua kwenye kile kichaka cha babu.