Fundi wa umeme na bei ya mwisho: dola zinazopunguzwa huenda wapi?

Hapa Lubumbashi ni vigumu kumpata fundi wa umeme ambaye hajaambiwa hivi kabla hata hajaweka kalamu chini: "Papa, hii ni mingi, punguza kidogo. Mwenzako ametuambia nusu." Mwenye nyumba huyasema maneno hayo bila ubaya wowote, kwa kuwa ndivyo anavyonunua nyanya, kitenge na hata kiwanja, lakini fundi huyasikia kama tuhuma ya wizi. Mafundi waliosomea kazi wanalalamika kwamba kazi zao zinachukuliwa na watu wanaotoza nusu ya bei, nao wateja wanajibu kwamba mafundi hao wamezoea malipo ya kampuni za migodi na sasa wanataka kuyatoza katika nyumba za walimu na wauza makala, yaani mkaa. Nimewasikiliza wote. Kila upande una haki yake, ila naona fundi anayekataa kushuka ndiye anayehukumiwa haraka zaidi, tena na watu ambao hawajawahi kumuuliza anachokikataa ni kitu gani hasa.

Tuanze na mwenye nyumba, maana shaka yake haikuzuka bure. Amekwisha kumpa fundi malipo ya awali na kukaa wiki tatu akipiga simu isiyopokelewa. Amefuatana na fundi dukani, akalipa bei aliyoambiwa, kisha akaja kusikia kwamba mwenye duka alimrudishia fundi sehemu ya fedha zile pembeni. Hupewa devi, yaani karatasi ya makadirio ya bei, ya mstari mmoja, yenye jumla peke yake bila maelezo, na kutakiwa aiamini. Kazi yenyewe ikiisha hufichwa ndani ya ukuta na chini ya lipu, hivyo hata angetaka kuikagua hana pa kuanzia, tofauti na mlango au bati ambavyo jicho lolote linaweza kuvihukumu. Mtu asiyeweza kupima ubora hubaki na kipimo kimoja tu anachokijua, nacho ni bei. Mafundi wanaomlaumu mteja kwa kubishana bei wangepaswa kukumbuka kwamba wao wenyewe, kwa devi hizo za mstari mmoja, ndio waliomnyima kitu kingine cha kubishania.

Yule anayetoza nusu naye hastahili kuitwa tapeli kwa jumla. Mnamo 2003 na 2004, Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilipowaachisha kazi zaidi ya watu 10,000 katika mpango wa kuondoka kwa hiari, kampuni ilipoteza mikono iliyofundishwa kwa miaka mingi, na baadhi ya mikono hiyo ilihamia mitaani. Mzee wa namna hiyo hana ofisi wala gari, anaishi mtaa wa pili kutoka kwako, huja kwa miguu na mfuko wa vyombo, na anaweza kukutoza kidogo kuliko mwenye kampuni ndogo anayelipa kodi, wasaidizi na mafuta, huku kazi yake ikiwa safi kabisa. Wapo pia vijana waliopita INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, au shule za ufundi, ambao hawana njia nyingine ya kupata jina zaidi ya kuanza kwa bei ya chini. Kwa hiyo bei ndogo peke yake haithibitishi kazi mbovu. Nalisema hili wazi kwa sababu baadhi ya mafundi wakubwa hulificha, na kwa kulificha wanaharibu hoja yao nzuri.

Hoja hiyo nzuri ni hii. Devi ya umeme ina sehemu mbili zisizofanana, nazo ni mikono ya fundi na vitu vinavyoingia ukutani. Mikono inaweza kubishaniwa kwa heshima. Fundi anaweza kukubali siku tano zilipwe kama nne, anaweza kupokea malipo kwa mafungu, anaweza kuja na msaidizi mmoja badala ya wawili. Lakini mteja anapobishania jumla na kuishusha kwa theluthi nzima, mikono haitoshi kubeba pengo hilo, kwa kuwa mara nyingi vitu ndivyo vilivyobeba sehemu kubwa ya devi. Fundi mnyofu hukaa kimya, hukunja karatasi yake na kuondoka, na watu husema ana kiburi. Yule mwingine husema "sawa, mama", kisha huenda kuitafuta theluthi ile mahali ambapo mama hataiona: waya mwembamba badala ya mnene, disjonkteri (swichi inayokata umeme mzigo ukizidi) moja kwa nyumba nzima, na waya wa ardhi, ule unaomkinga mtu asipigwe na umeme, ambao haufungwi kabisa, kwa kuwa hata usipokuwepo taa zitawaka vilevile.

Waya ndio unaonikera zaidi, na najua kwamba hapa nitakaa kwa muda. Nchi yetu ya Kongo inachimba zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba kwa mwaka. Malori yaliyobeba mabamba ya shaba yanapita hapa yakielekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mchana na usiku, na bomba la moshi la kiwanda kilichoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911 bado limesimama juu ya mji. Hata hivyo, katika mji huohuo, mzingo wa waya unaouzwa kama shaba unaweza kuwa aluminiamu iliyopakwa shaba kwa nje, nyembamba kama ganda la kitunguu. Faida yake kwa anayeuza ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Mwezi Mei 2024 tani moja ya shaba ilipita dola 10,000 katika soko la London, wakati tani ya aluminiamu haikufika dola 3,000. Zaidi ya hapo aluminiamu ni nyepesi, kwani uzito wake haufiki theluthi ya uzito wa shaba ya ukubwa uleule. Ukiunganisha mambo hayo mawili, metali iliyomo ndani ya mita moja ya waya wa shaba ilikuwa na thamani inayozidi mara 10 ya aluminiamu katika mita ileile. Fundi anayeahidi kushusha bei ya waya wa shaba kwa nusu bila kushusha urefu wake anapaswa kuulizwa amepata wapi muujiza huo.

Sasa tazameni jikoni. Umeme ukiwepo, na hasa baada ya siku za delestaji, yaani mgao wa umeme, watu huacha makala kando na kuwasha resho, jiko la umeme. Resho yenye sahani mbili za wati 2,000 kila moja, kwa umeme wa volti 220, huvuta ampea 18. Waya halisi wa shaba wa milimita za mraba 2.5 unaubeba mzigo huo. Ukiweka wa 1.5, eneo la kupita umeme limepungua na joto linaongezeka kwa theluthi mbili. Ukiweka wa 1.5 ambao ndani yake ni aluminiamu, inayopitisha umeme kwa kama asilimia 61 tu ya shaba, joto katika kila mita linazidi mara mbili na nusu lile la waya uliopaswa kuwepo. Joto hilo halionekani, na waya umezikwa ndani ya saruji au umepita juu ya dari pamoja na mbao. Kisha hutokea jambo ambalo nimelishuhudia zaidi ya mara moja: disjonkteri ya ampea 16 inakata mara kwa mara sahani zote mbili zinapowaka kwa muda, mama anakasirika, fundi wa bei nafuu anaitwa, anaitoa na kuweka ya 32, naye anashukuriwa kwa kuponya ugonjwa. Chombo kilichokuwa kikipiga kelele ili nyumba isiungue kimenyamazishwa, na bili ya kazi hiyo ilikuwa ndogo sana.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotetea mabishano ya bei hulipita haraka. Katika nyumba za kupangisha, anayebishana na anayelala ndani ya nyumba ni watu wawili tofauti. Mwenye nyumba hupunguza dola zake mara moja, kisha hupokea garanti, yaani amana ya mpangaji, na kodi kwa miaka. Mpangaji, ambaye hakuwepo siku ya kupatana, ndiye anayewasha resho kwenye waya asioujua.

Upo ugumu ambao mafundi hawawezi kuukwepa, nao ni kwamba fedha za mteja mara nyingi hazitoshi kweli. Mwalimu hasemi "punguza" kwa sababu ya ubahili. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba usalama hauna bei ni kumfukuza, naye atakwenda moja kwa moja kwa yule wa waya mwembamba. Hapo ndipo naona ustadi wa fundi mwema unapojulikana. Badala ya kushusha ubora wa kila kitu, anapunguza idadi ya vitu: vyumba viwili sasa na cha tatu baadaye, prizi (soketi za ukutani) tatu badala ya sita, lakini kila kilichofungwa kimefungwa sawasawa na waya wa ardhi umeshuka hadi ardhini. Devi yake ina mistari mingi, waya peke yake, vyombo peke yake, mikono peke yake, na mteja anaweza kuweka kidole kwenye mstari anaotaka kuubishania.

Nilijifunza hayo nyumbani kwa mama mdogo, kule Katuba. Alikuwa na devi mbili, akachukua ndogo, kama ambavyo ningefanya mimi. Baada ya miezi michache prizi ya jikoni ikawa nyeusi upande mmoja, na jioni jikoni kukawa kunanuka mpira unaoungua. Tulimwita yule fundi wa devi kubwa, ambaye alikuja bila neno la kujisifu. Aliifungua prizi, akaukata waya kipande cha kidole, akaukwangua kwa wembe. Rangi ya shaba ikatoka kama vumbi, na chini yake kukawa kweupe. Mama mdogo alikichukua kipande kile, akakigeuza mkononi mara kadhaa, akauliza tu, "Na ukuta wote uko hivi?"

Fundi akatufundisha kipimo ambacho hakihitaji shule. Mzingo wa mita 100 za waya wa 2.5 una zaidi ya kilo 2 za shaba peke yake, kabla ya kuuhesabu mpira, kwa hiyo mzingo mzima ukiwa chini ya kilo 2 haujajaa shaba. Mama mdogo alikwenda dukani, akaomba mizingo miwili yenye maandishi yaleyale na bei zinazotofautiana, akavuka barabara hadi kwa jirani anayeuza unga wa mahindi na kuiweka kwenye mizani yake mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ulipita kilo 3. Wa pili haukufika 2. Akaurudisha wa pili bila kugombana.

Kisha akarudi kwa fundi, na mbele yangu akamwambia tena, "Papa, punguza kidogo." Fundi akaitandaza devi mezani, akapunguza siku moja ya mikono yake, akafuta taa ya baraza na prizi ya nje, akakubali kulipwa mara tatu. Mstari wa waya wa jikoni akaupitisha kidole bila kuugusa kwa kalamu, naye mama mdogo hakuuliza. Taa ya baraza ilifungwa miezi miwili baadaye, mama mdogo alipomaliza kulipa.