Nilivyochangia Kodi

Sisi waandika programu wa mjini, msimbo, yaani maandishi ya programu, tunauita kodi. Jioni ile mama alipopiga simu kuuliza nafanya nini, nikamjibu, "Nachangia kodi, mama." Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Basi na huyo mzee wa watu, mwenye nyumba wako, atapumua." Sikumsahihisha. Kumbe kabla hakujakucha kodi zote mbili zingekutana mahali pamoja, hadharani.

Chanzo ni herufi moja. Kuna maktaba ya programu huria, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ambao yeyote anaruhusiwa kuutumia, ambayo kazi yake ni kuandika tarehe kwa lugha mbalimbali. Niliiweka kwenye kazi ya mteja, nikachagua Kiswahili, kalenda ikatoka: Jumatatu, Jumanne, Jumatno. Jumatno! Raha ya programu huria ni kwamba kasoro kama hiyo huna haja ya kuilalamikia: unachukua nakala yako, unasahihisha, unatuma ombi, wenye mradi wakiridhika wanaingiza. Nilishaanza kuliona jina langu kati ya wakubwa wa dunia, kwa mtaji wa "a" moja.

Nikatia "a". Nikahifadhi. Kisha kwenye Git, programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la faili, nikaandika `git add .` na hiyo nukta ya mwishoni, msomaji wangu, ndiyo iliyoniponza. Maana yake ni beba kila kilichomo kwenye folda. Watu wazima hutaja faili wanalolitaka kwa jina. Mimi nilibeba kama mpangaji anayehama usiku, nikatuma.

Asubuhi nikakuta ujumbe wa mkaguzi wa mradi. Yuko Ulaya, mtu mpole sana, na wapole ndio wa kuogopwa. "Asante kwa mchango wako. Naomba nieleweshe, imekuwaje kusahihisha herufi moja kukagusa mistari 214?"

Nikafungua. Faili zima jekundu, yaani limefutwa, halafu faili zima kijani, yaani limeandikwa upya. Kihariri changu cha kwenye Windows kilikuwa kimebadilisha miisho ya mistari. Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, mfumo mwenzake wa Linux kwa moja. Ile ya ziada ni urithi wa enzi za teleprinta, ilipobidi kichwa cha kuchapia kirudishwe mwanzo wa mstari na karatasi isogezwe juu. Kwa macho yangu hakuna kilichoguswa, ila kwa Git kila mstari ulikuwa mgeni. Sawa na fundi uliyemwita azibe pancha, ukirudi unakuta injini iko chini.

Hilo nikalimaliza upesi. Lililonikalisha kitako ni swali la pili: "Na hili faili `barua_mzee_mwisho2.txt`, ni la majaribio?"

Tumbo likanikata. Barua ile niliiandika kwenye kihariri kilekile, nikitafuta maneno ya kumtumia mwenye nyumba kwa simu:

"Mzee wangu, shikamoo.
Kuhusu ile kodi ya miezi mitatu, naomba univumilie kidogo tu.
Kuna hela yangu imekwama kwa mtu.
Jumatno bila kukosa nakukamilishia yote."

Mwenye akili zake angeuliza wenzake. Mimi nililifuta faili mbio mbio, nikatuma komiti ya pili, yaani furushi jingine la mabadiliko, yenye maelezo: "futa barua ya kodi haraka kabla hawajaona". Sasa, Linus Torvalds alipoitengeneza Git mwaka 2005 hakuitengeneza isahau. Ukifuta faili, inamwonyesha mkaguzi kilichofutwa, mstari baada ya mstari, kwenye rangi nyekundu. Hela iliyokwama kwa mtu ikawa inang'aa kama bango la baa.

Mkaguzi akarudi. "Samahani, mimi sijui Kiswahili. Lakini kwenye mstari wa 4 wa faili ulilofuta, wewe mwenyewe umeandika Jumatno. Sahihi ni ipi?"

Nikatazama. Ni kweli. Nimevuka mipaka ya nchi kwenda kusahihisha watu neno ambalo nyumbani kwangu nimelikosea vilevile.

Ikabidi nijitetee kwa elimu. Nikamwandikia kwamba neno ni juma na tano, siku ya tano. Akajibu kwamba kwenye kalenda yao Jumatano ni ya tatu. Nikamweleza kuwa sisi tunaanza kuhesabu Jumamosi: mosi, pili, tatu, nne, tano. "Nimeelewa. Kwa hiyo inayofuata ni ya sita?"

Hapo vidole vikasimama. Inayofuata ni Alhamisi, na hilo ni neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano.

"Yaani mna siku mbili za tano, tena zimefuatana?"

Ndiyo.

"Na hii si hitilafu?"

Nikamwambia si hitilafu, ni Pwani.

Sijui kama alicheka, ila alikubali. Akaziunganisha komiti zangu zote kuwa moja ili barua isibaki kwenye historia ya mradi, nami nikamshukuru mpaka nikaona haya. Kilichonipita ni kwamba mtambo ukiunganisha komiti hivyo hukusanya maelezo ya kila moja na kuyapanga chini ya kichwa kimoja. Sasa Git ina amri ya kuuliza mstari fulani umeandikwa na nani, nao wameiita blame, yaani lawama. Ulizia leo mstari wa Jumatano. Linatokea jina langu kamili. Fungua maelezo, na hapo chini, kwa Kiswahili fasaha, utasoma: futa barua ya kodi haraka kabla hawajaona.

Mzee nilimpelekea hela yake Alhamisi. Aliponiuliza mbona nilisema Jumatano, nikamwambia zote ni za tano.