Kidonge cha siku 14 na meza ya chanjo

Ukisikia habari mpya za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) ya baada ya kujifungua, aghalabu ni za kidonge. Agosti 2023 Marekani iliidhinisha zuranoloni, dawa ya kwanza ya kumeza iliyotengenezwa mahsusi kwa ugonjwa huu. Sayansi yake siibezi. Katika ujauzito mwili huzalisha kwa wingi alopregnanoloni, kemikali itokanayo na homoni ya projesteroni, ambayo hutuliza ubongo. Mama akishajifungua, kemikali hiyo hushuka ghafla. Zuranoloni huiga kazi hiyo: miligramu 50 kila jioni kwa siku 14, pamoja na chakula chenye mafuta, maana bila mafuta haifyonzwi vizuri. Wapo wanaoanza kupata nafuu siku ya tatu, wakati dawa za kawaida za sonona huhitaji wiki kadhaa.

Ilipoingia sokoni, dozi hiyo iliuzwa dola 15,900. Inalevya usingizi kiasi kwamba mama haruhusiwi kuendesha gari mpaka zipite saa 12, sasa huyo mtoto wa saa nane usiku ataamkiwa na nani? Tena majaribio yake makuu yaliipima dhidi ya kidonge kisicho na dawa, si dhidi ya sertralini, dawa ya sonona ya siku nyingi ambayo hupita kwa kiasi kidogo sana kwenye maziwa ya mama.

Kwa maoni yangu, hatua kubwa zaidi ilitoka vijijini karibu na Rawalpindi, Pakistani, na ilichapishwa mwaka 2008. Wahudumu wa afya wa jamii, ambao si madaktari wala wanasaikolojia, walifundishwa tiba ya mazungumzo ya vikao 16: kila wiki katika mwezi wa mwisho wa ujauzito, vitatu katika mwezi wa kwanza wa mtoto, kisha kimoja kila mwezi kwa miezi tisa. Mtoto alipofika miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa 23% kwa waliopata tiba hiyo na 53% kwa wasioipata. Hawakuingia nyumbani wakisema “tumekuja kutibu akili”. Walianza na afya ya mtoto, na mama mkwe akafungua mlango.

Huku kwetu tunakwama mapema zaidi, kwenye kumtambua mgonjwa. Mama mwenyewe baada ya arobaini haonekani kliniki, lakini mtoto analetwa chanjo ya wiki 6, 10 na 14. Mtoto anapimwa uzito, kadi inajazwa, mama haulizwi kitu. Akisema kichwa kinauma na mwili hauna nguvu, anapewa panadol na vidonge vya damu. Damu apimwe, ndiyo, upungufu wake unachosha kweli. Ila aulizwe pia, “Una mawazo?”, kwa sababu ndivyo wengi wanavyoisema sonona.

Dodoso la Edinburgh la mwaka 1987, la kumtambua mama mwenye dalili za sonona, lina maswali 10 ya siku saba zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Akifika 13, achunguzwe zaidi. Linaharibika likisomwa kama rejista, kwa sauti, shangazi akiwa amekaa pembeni: majibu yote yatakuwa “nzuri tu”. Mpeleke faragha. Usiulize “unalala?”, kwani hakuna mzazi anayelala. Uliza kama mtoto akilala, mama naye hupata usingizi, au hubaki macho akilia.

Swali la kumi ni la kujidhuru. Akijibu ndiyo, hata jumla ikiwa 6, asirudishwe kwenye foleni. Muulize kama ana mpango na kama ana kitu cha kuutekelezea, kitu hicho kiondolewe nyumbani, dawa zishikwe na ndugu, aonwe na daktari siku hiyohiyo. Akianzishiwa dawa, aambiwe mapema kwamba wiki mbili za kwanza huenda asione tofauti, na kwamba akipata nafuu asiache ghafla. Wengi huacha hapo.

Na yule asiyelala siku mbili wala hasikii uchovu, anayesikia sauti au anayesema mtoto huyu si wake, hilo halihitaji dodoso. Ni dharura: hospitali leo, mtu mzima awe naye njia nzima, na asiachwe peke yake na mtoto. Kama familia imeshamwita mganga, atawakuta hospitali.