Dukati 200 za Josquin

Septemba 1502, Ercole I d'Este, mtawala wa Ferrara huko kaskazini mwa Italia, alikuwa akitafuta mtunzi wa kuongoza waimbaji wa kanisa la kasri lake. Wakala wake mmoja alimwandikia barua akimpigia debe Heinrich Isaac: mtu wa watu, mwepesi wa kutunga, na anataka dukati (sarafu za wakati huo) 120. Josquin des Prez ni mtunzi bora zaidi, wakala alikiri, lakini hutunga anapojisikia mwenyewe, si anapoombwa, na anadai dukati 200. Ercole akamchukua Josquin.

Wanaotetea ufadhili wa makabaila wa enzi ya Renaissance, yaani mwamko wa sanaa na elimu wa Ulaya, wana haki ya kuanzia hapo. Tajiri asiyejua muziki angechagua mtu wa bei nafuu na mtiifu. Ercole alikuwa na masikio, na alikuwa tayari kuyalipia. Hata sifa alizopenda kusifiwa zilizaa sanaa. Josquin alitunga misa iliyojengwa juu ya jina la bwana huyo kwa Kilatini, Hercules Dux Ferrarie. Chukua irabu zake tu: e-u-e, u, e-a-i-e. Sasa zigeuze majina ya noti ya wakati huo yenye irabu hizohizo: re-ut-re, ut, re-fa-mi-re. Noti nane, zinazorudiwa tena na tena huku sauti nyingine zikizizunguka. Kila ziimbwapo, jina la mtawala linapita ndani ya sala. Ni kujipendekeza, sikatai, lakini ukiisikiliza misa yenyewe unasahau kabisa kwamba kuna mtu anayesifiwa.

Upande wa pili unaanza kwenye kasri hilohilo. Josquin aliondoka baada ya mwaka mmoja, tauni ikiuandama mji. Nafasi yake akapewa Jacob Obrecht, mtunzi mwingine mkubwa. Januari 1505 Ercole akafariki, na kazi ya Obrecht ikaishia hapo. Kabla mwaka haujaisha, tauni ikamuua hukohuko Ferrara. Kipaji chake hakikupungua hata chembe kati ya Desemba na Januari. Kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja mzee alikata roho.

Kuna hasara nyingine isiyotajwa sana. Kuanzia mwaka 1580, Alfonso II, mtawala wa Ferrara wa kizazi cha baadaye, alikuwa na kundi la waimbaji wanawake, miongoni mwao Laura Peverara na Anna Guarini, walioimba mbele ya wageni wachache wateule. Sifa zao zilienea kasri hadi kasri, ila nyimbo walizotungiwa na Luzzasco Luzzaschi zilifungiwa ndani kama vito. Zilichapwa Roma mwaka 1601, Alfonso akiwa ameshakufa na Ferrara imeshachukuliwa na Papa. Uchapaji wa muziki ulikuwapo Venice tangu 1501. Watu waliishi na kufa katika mji uleule bila kusikia kilichoimbwa nyuma ya ukuta, kwa sababu tu mwenye mali alitaka kiwe chake peke yake.

Kwangu mimi, hata hivyo, mizani hii inapimwa vizuri zaidi na maisha ya mtunzi Claudio Monteverdi. Bila familia ya Gonzaga, watawala wa Mantua nchini Italia, tusingekuwa na opera yake Orfeo ya mwaka 1607. Opera, mchezo wa jukwaani unaoimbwa, ilihitaji waimbaji, wapigaji na ukumbi, na fedha za kuendesha vyote hivyo. Mwaka huohuo mke wake, Claudia, alifariki, na hakuachwa aomboleze kwa amani: aliitwa kutunga muziki wa harusi ya mwana wa mtawala. Mwaka 1612 mwana huyohuyo, Francesco, alirithi kiti akamfukuza kazi. Baada ya takriban miaka 21 ya utumishi, Monteverdi aliondoka na skudi 25, sarafu nyingine ya wakati huo.

Mwaka uliofuata kanisa la San Marco, Venice, lilimwajiri kwa dukati 300 kwa mwaka, baadaye zikapandishwa hadi 400. Waliosimamia kanisa hilo walikuwa makabaila vilevile. Ndiyo maana sidhani kwamba tatizo lilikuwa ukabaila wa mfadhili au ladha yake. Tatizo lilikuwa riziki nzima ya msanii kuning'inia kwenye pumzi na hasira za mtu mmoja. Venice cheo kilikuwa cha ofisi: mkubwa mmoja akifa, mshahara unaendelea.

Mwaka 1620 Mantua walitaka arudi. Katika jibu lake Monteverdi alieleza kwamba hakuwahi kudhalilika kama siku zile alipolazimika kwenda kwa mtunza hazina kuomba jasho lake mwenyewe. Venice, aliandika, asipokwenda kuchukua mshahara kwa wakati, huletewa nyumbani. Hakurudi.