Honi ya Saa Kumi na Moja

Ukiwa mzazi Migosi au Manyatta hapa Kisumu, huhitaji alamu. Honi ya gari la shule hutangulia adhana ya alfajiri, na mtoto wa gredi ya nne anashuka ngazi jicho moja limefumba, sweta kaligeuza nyuma mbele, uji kauacha mezani.

Baadaye sisi wakubwa tunakutana kazini tukipiga miayo, tunashauriana kuzima simu mapema na kupunguza chai ya jioni. Ushauri si mbaya: saa tano hivi baada ya kikombe, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Lakini tunamkimbiza mwizi wa kuku na mwizi wa ng'ombe anapita.

Piga hesabu. Homuweki inaisha saa tatu usiku, mtoto analala saa tatu na nusu, anaamshwa saa kumi na nusu. Amepata saa saba. Wataalamu wa American Academy of Sleep Medicine wanapendekeza saa 9 hadi 12 za usingizi kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, na zisizopungua 7 kwa mtu mzima. Kwa hiyo mtoto analala kiwango cha chini cha baba yake. Mama anayeamka kabla yao kuwasha jiko hata hicho hakipati.

Kinachoniudhi ni kwamba kanuni ipo. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinataka masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi. Kisumu iko jirani na ikweta, jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Kanuni hiyo ikifuatwa, watoto wengi watatoka nyumbani kumekucha.

Mama anayewahi kupanga samaki soko la Kibuye simlaumu. Shule kufunguliwa mapema kunamfaa. Ila asilazimishwe kila mtu. Na msiniambie tutafidia Jumamosi. Kwetu Nyanza Jumamosi ni ya mazishi, na spika za usiku wa kuamkia siku hiyo haziulizi nani alikuwa na wiki ngumu.

Mkutano ujao wa wazazi nitaomba gari lianze mzunguko saa kumi na mbili. Nadhani dereva ataniunga mkono, maana yeye huamka saa tisa.