Asilimia mbili ya dukani iende kwenye pensheni, huku na nyumbani

Mkenya anayeishi Marekani hachelewi kupata kadi ya mkopo inayomrudishia pesa kidogo kila anaponunua kitu. Wengi huziacha zipunguze bili ya mwezi, na hapo zimekwisha. Kwa maoni yangu zinapaswa kwenda akaunti ya kustaafu, na hata nyumbani tunavyo vifaa vya kufanya hivyo. Havijaunganishwa tu.

Chukua kadi ya Fidelity. Haina ada ya mwaka, na inarudisha asilimia 2 ya manunuzi ukielekeza pesa kwenye akaunti yako ya Fidelity, ikiwemo Roth IRA, yaani akaunti ya kustaafu unayoweka pesa zilizokwisha kutozwa kodi. Fungua Roth IRA kwanza, ndipo uombe kadi. Kwenye ukurasa wa pointi chagua akaunti hiyo na uwashe uhamisho wa moja kwa moja. Pointi 2,500 ni dola 25. Hatua inayosahaulika sana ni ya mwisho: pesa zikifika hukaa taslimu. Hazijawekezwa kwenye hisa mpaka ununue fandi (mfuko wa pamoja wa uwekezaji) au upange ununuzi wa kila mwezi.

Anayetumia dola 1,000 kwa mwezi hupata dola 20. Zikikua kwa wastani wa asilimia 6 kwa mwaka, baada ya miaka 30 zinakaribia dola 20,000, na alizoweka ni 7,200 tu. Pensheni nzima haitoki hapo, lakini ni pesa ambayo haikukatwa kwenye mshahara.

Kwa mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, marejesho ya kadi ni punguzo la bei, kwa hiyo hayatozwi kodi ya mapato. Yakishaingia Roth IRA, hata hivyo, yanahesabiwa kama mchango wako wa kawaida. Kwa 2025 mwisho ulikuwa dola 7,000, au 8,000 kwa aliyefikisha miaka 50, na ni lazima uwe na kipato cha kazi mwaka huo. Ukipitisha, ziada hutozwa asilimia 6 kila mwaka hadi uitoe.

Adui mkubwa ni riba. Kadi ya riba ya asilimia 24 kwa mwaka inakula asilimia 2 kwa mwezi: bakisha deni la dola 1,000 mwezi mmoja tu, na zile dola 20 zimerudi benki. Washa malipo ya moja kwa moja ya deni lote. Ukichagua kiwango cha chini kabisa, riba itaendelea kukimbia. Asiyeweza kulipa deni lote kila mwezi aiache kadi kabisa.

Tena, usitumie kadi ya mkopo kutuma pesa nyumbani. Benki nyingi huhesabu muamala huo kama kutoa pesa taslimu: kuna ada, riba inaanza siku hiyohiyo, na marejesho hupati. Tumia akaunti ya benki au kadi ya debiti.

Anayepanga kurudi Kenya aelewe pia kwamba Kenya na Marekani hazina mkataba wa kodi. Asiye raia akishaacha kuwa mkazi, akiba za kawaida za kustaafu (zisizo za Roth) anazotoa hukatwa kodi ya asilimia 30. Roth iliyotimiza miaka mitano, mwenyewe akiwa amefika miaka 59 na nusu, haikatwi. Kwa mhamiaji, hiyo pekee ni sababu kubwa ya kuchagua Roth.

Sasa njoo nyumbani. Safaricom, kampuni ya simu, hutoa pointi moja ya zawadi, iitwayo Bonga, kwa kila shilingi 10 unayotumia kwenye huduma zake. Pointi ikipokelewa kwa senti 20, hiyo ni asilimia 2 ileile. Lakini huishia kwenye bando na bidhaa, na pointi za supamaketi hurudi supamaketi. Upande wa pili kuna Mbao, mpango wa pensheni wa wafanyakazi wa jua kali ulioanza 2011, ambao mtu huchangia hata shilingi 20 kwa siku kwa M-Pesa. Hata mama mboga anaweza kujiwekea pensheni humo kidogo kidogo. Kinachokosekana ni kitufe kimoja kwenye simu kinachopeleka pointi za Bonga kwenye Mbao. Safaricom na RBA, mamlaka ya pensheni, wanaweza kuketi mezani kulijadili hili, na sisi wa ughaibuni tunapaswa kulidai.

Kwa sasa kitufe hicho unaweza kuwa wewe. Shilingi 20 kwa siku ni 600 kwa mwezi. Dola 25 za marejesho, dola ikiwa karibu shilingi 129, zinamlipia ndugu mmoja miezi mitano na chenji ikabaki. Hakikisha tu yeye mwenyewe ndiye mwanachama, jina na namba ya kitambulisho vinalingana na laini yake ya simu, na fomu ya warithi imejazwa.